Umemaliza Uhandisi na Unaishi Kisumu, Kakamega au Nakuru: Mwongozo wa Kutoka Kwenye Bahasha ya Kaki Hadi Kazini

Simu huanza kuingia wiki chache baada ya mahafali. "Injinia, huko kwenu hakuna nafasi?" Wengi wanaopiga ni vijana waliosoma Kakamega, Njoro au Eldoret. Wana digrii ya mitambo, umeme, ujenzi au uhandisi wa kilimo, na wameshasambaza barua thelathini au arobaini bila kujibiwa hata moja. Nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilizunguka Kisumu miezi kumi na minne na bahasha ya kaki kwapani, kutoka barabara ya Oginga Odinga hadi eneo la viwanda, nikiacha vyeti vyangu kwa walinzi wa getini. Kazi ilipokuja haikutoka kwenye bahasha. Ilitoka kwa fundi wa pampu aliyenikumbuka.

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu ile miezi kumi na minne inaniuma hadi leo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kazi ya uhandisi upande wetu huu hupatikana wapi na hutafutwa kwa njia gani.

Tuanze na hali ilivyo. Viwanda vilivyokuwa vikiajiri wahandisi kwa makundi vimepungua. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kule Webuye kilifungwa mwaka 2009 na mji mzima ukanywea. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri Nakuru mwaka 2014. Mumias, iliyokuwa ikitajwa kila mahali penye mazungumzo ya sukari, ilianguka. Wakati huo huo vyuo viliongezeka na wahitimu wakaongezeka. Ukilinganisha idadi ya wahitimu na idadi ya matangazo ya kazi magazetini, utakata tamaa kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini mashine hazijapungua. Pampu za maji zinazunguka usiku na mchana, viwanda vya chai vina boila, hospitali zina jenereta, vyama vya wafugaji vina matangi ya kupozea maziwa, shule zinaweka paneli za jua, na kila soko lina kinu cha unga. Mwenye mashine iliyokufa hatangazi gazetini. Anampigia mtu simu. Hatua zote zinazofuata zinahusu namna ya kuwa huyo mtu.

HATUA YA 1: Nyoosha makaratasi ndani ya mwezi mmoja baada ya kumaliza

Kuna bodi mbili na watu huzichanganya. Bodi ya Wahandisi wa Kenya, EBK, iko chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011 na inasajili wenye digrii ya uhandisi. Bodi ya pili, KETRB, iliundwa na sheria ya 2016 na inasajili wanateknolojia na mafundi sanifu, yaani wenye digrii za teknolojia ya uhandisi, diploma na vyeti. Jua uko upande gani, kisha jisajili. Kwa mwenye digrii ya uhandisi, ngazi ya kwanza ni mhandisi mhitimu. Sheria haikuruhusu kujiita mhandisi na kufanya kazi hiyo kama hujasajiliwa, na waajiri wengi siku hizi huuliza namba ya usajili kabla ya kuangalia alama zako.

Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha kozi yako imeidhinishwa na bodi. Nina wenzangu waliokaa darasani miaka mitano, wakavaa joho, ndipo wakaambiwa programu yao haitambuliki. Chuo chao siwezi kukitaja hapa, lakini nilimwona mmoja wao akiangua kilio kwenye ngazi za ofisi. Kama una mdogo wako anayejaza fomu za chuo mwaka huu, mwambie aangalie orodha ya bodi kwanza.

Makaratasi mengine ni ya kawaida lakini huchelewesha watu: PIN ya KRA na cheti cha kulipa kodi, cheti cha mwenendo mwema cha DCI (ada ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen), na cheti cha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kuhusu HELB, usijifiche. Deni linaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Wafikie mapema, waeleze huna kazi, kubaliana nao kiasi kidogo. Wanaonyamaza ndio hushtuka miaka minne baadaye kukuta faini imepita mkopo wenyewe.

HATUA YA 2: Chora ramani ya mashine

Hapa ndipo nataka ukae. Chukua daftari, chora mduara wa kilomita hamsini kutoka mahali unapolala, kisha orodhesha kila mahali penye mashine inayozunguka, inayochemka, inayopoza au inayozalisha umeme. Usiandike "kampuni". Andika mashine. Boila. Pampu. Transfoma. Mkanda wa kubebea miwa. Kompresa. Mbele ya kila mashine andika nani anaitunza na huwa inazimwa lini kwa matengenezo.

Ukiwa Nakuru, umekaa juu ya mvuke. Olkaria, upande wa Naivasha, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na leo eneo hilo ndilo moyo wa umeme wa jotoardhi nchini. Menengai, juu kabisa ya mji, kampuni ya serikali ya GDC huchimba visima vinavyofika kilomita mbili hadi tatu kwenda chini na kuwauzia mvuke wazalishaji binafsi. Mtambo wa kwanza hapo, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023. Vijana wengi huona majina hayo makubwa, hutuma barua makao makuu, na mambo huishia hapo. Angalia kandokando. Kuna wakandarasi wa mabomba, wa kuchomelea, wa kuzibua mashapo ya silika yanayoganda ndani ya mabomba, wa kukodisha kreni, wa kupima mitetemo ya mashine. Hao ndio huchukua vijana kwa wiki sita au miezi mitatu. Nakuru pia ina viwanda vya mafuta ya kupikia na vya unga, na Njoro na Molo kuna mashine za kilimo zinazohitaji mtu anayejua haidroliki.

Ukiwa ukanda wa sukari, kuanzia Awendo, Chemelil na Muhoroni hadi Kabras, Butali na Nzoia, jifunze kalenda ya kiwanda. Kiwanda cha sukari hakizimwi ovyo. Husaga mfululizo, kisha hufunga kwa matengenezo makubwa. Hapo rola za kusagia hutolewa na kuchongwa upya, mabomba ya boila hukaguliwa, tabini zinazozungushwa na mvuke hufunguliwa, na mikono ya ziada huhitajika haraka. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony (kile cha Awendo), kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Kuna mabishano mengi kuhusu uamuzi huo na mimi nina yangu, lakini kwa mtafuta kazi una maana moja ya karibu: mitambo iliyochakaa lazima ifufuliwe na mtu. Jua mhandisi wa kiwanda ni nani kabla kiwanda hakijafungwa. Siku ya kufungwa, orodha imeshajaa.

Kisumu kwenyewe kuna bandari iliyokarabatiwa, gati la mafuta, na karakana ya meli ya Kenya Shipyards ambako MV Uhuru II iliundwa. Kuchomelea mabamba ya meli ni kazi yenye viwango vikali; kijana aliyejifunza ukaguzi wa maungio kwa mawimbi ya sauti au kwa rangi ya kupenya ana nafasi nzuri kuliko aliyekaa na digrii tupu. Ukielekea Nyakach kuna umeme wa maji wa Sondu Miriu wa megawati 60, na maji yale yale hushuka tena hadi Sang'oro.

Halafu kuna mashine ambazo hakuna mhitimu anazitazama. Kampuni za maji za kaunti ni mfano mkubwa. KIWASCO ya Kisumu na NAWASSCO ya Nakuru zina pampu, vali, vituo vya kusafisha maji na vya majitaka, na shida yao kubwa ni maji yanayopotea njiani kabla ya kulipiwa. Mhitimu wa ujenzi anayejua kuchora mtandao wa mabomba kwenye QGIS, programu isiyolipiwa hata senti, na kutembea na kifaa cha kusikilizia uvujaji, ana kitu cha kuuza. Viwanda vya chai, kama Mudete kule Vihiga, vina boila ambazo sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka zikaguliwe mara kwa mara. Hospitali za kaunti zina mitambo ya oksijeni na mashine za kutakasa vifaa kwa mvuke, na nyingi zimefunikwa shuka kwenye kona kwa kukosa kifaa kidogo tu. Hilo la hospitali linanikera kuliko yote. Niliwahi kuona mashine nzima ya kutakasa vifaa imeandikwa "mbovu" kwa kalamu ya wino, na kilichokuwa kimekufa ni mpira wa mlango.

HATUA YA 3: Ingia kwa mlango wa fundi

Barua kwa "Meneja wa Rasilimali Watu" huishia kwenye sanduku. Mtafute mtu anayeshika spana. Fundi mkuu wa zamu, mhandisi wa matengenezo, msimamizi wa karakana. Utampata kwa mafundi wa jua kali wanaomchongea vipuri. Pale Kibuye, Kisumu, kuna wazee wenye mashine za kukerezea ambao wanajua kiwanda gani shafti yake imevunjika wiki hii. Kaa nao. Nunua chai. Uliza.

Ukipata namba, andika ujumbe mfupi wenye kitu cha kushika. Mfano huu ulimfikisha kijana mmoja ndani ya geti:

"Habari ya asubuhi, Injinia. Mimi ni mhitimu wa uhandisi wa mitambo, nimesajiliwa na EBK. Mzee anayewachongea bushi pale Kibuye amenielekeza kwako. Nimesikia mnafunga mwezi ujao kwa matengenezo. Naomba wiki mbili niwe msaidizi kwenye kazi ya pampu, nina bima ya ajali na vifaa vyangu vya usalama. Naweza kuja kukusalimia Alhamisi au Ijumaa, muda utakaokufaa."

Angalia kilichomo: nani alikutuma, kazi gani, muda gani, na kwamba hutakuwa mzigo. Bima ya ajali ya mtu binafsi ni muhimu kuliko unavyodhani, maana kampuni nyingi hukataa vijana kwa kuogopa mtu kuumia mikononi mwao. Nunua ovaroli, buti za chuma mbele, helmeti na miwani ya kazi. Ukija umevaa viatu vya ofisini, umeshajibu swali kabla hujaulizwa.

Ndani, msalimie fundi kwanza, hata kama hana zaidi ya cheti cha darasa la nane. Muite mzee au mama kama umri unadai hivyo. Ana miaka ishirini ya kusikiliza ile mashine. Wewe una hesabu. Mkiheshimiana mtaelewa mashine hiyo kuliko yeyote kati yenu peke yake. Niliwaona vijana wawili wakifukuzwa na mafundi, si na mabosi, kwa sababu siku ya pili walianza kusahihisha watu mbele ya watu.

Jambo moja usilisubiri ufundishwe: kabla ya kugusa mashine, swichi yake izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Wakikuambia "hakuna haja, nimeshamwambia jamaa asiwashe", simama pembeni. Wapo waliopoteza mikono kwa sentensi hiyo.

Kwa dada zetu, nawaambia wazi: mtakutana na karakana isiyo na choo chenu na ovaroli zilizoshonwa kwa miili ya wanaume. Uliza habari hizo kabla ya siku ya kwanza, tena bila kuona haya. Na ukipewa kazi ya kujaza mafaili wakati wenzako wa kiume wako kwenye mashine, sema mapema kwamba ulikuja kwa ajili ya mashine. Wasimamizi wengi hufanya hivyo kwa mazoea na hubadilika wakiambiwa.

HATUA YA 4: Andika daftari la kazi kila jioni

Ili uwe mhandisi kamili mbele ya EBK, unahitaji angalau miaka mitatu ya kazi ya vitendo baada ya digrii, chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa, kisha utahiniwe. Wengi hufika mwaka wa nne na kugundua hawakumbuki walifanya nini.

Hivi ndivyo wengi huandika: "Leo tulitengeneza pampu namba 3."

Andika hivi: "Pampu namba 3, mota ya kilowati 22. Mlalamiko: kelele na joto upande wa mkanda. Beringi ya mbele ilikuwa na 84°C baada ya saa moja, ya nyuma 51°C. Tulifungua, grisi ilikuwa imejazwa kupita kiasi na puli mbili zimepishana milimita 6. Tulibadilisha beringi, tukanyoosha puli kwa uzi, tukapima tena: 55°C. Nilichofanya mimi: kupima na kunyoosha. Msimamizi: amesaini."

Mistari saba tu. Ina shida, vipimo, sababu, dawa, ushahidi kwamba dawa ilifanya kazi, na mchango wako mwenyewe. Kama msimamizi wako hajasajiliwa kama mhandisi, muombe mwenzake aliyesajiliwa awe anapitia daftari kila mwezi. Taasisi ya Wahandisi wa Kenya, IEK, ina matawi nje ya Nairobi. Nenda kwenye mikutano yake hata kama hujui mtu, maana huko ndiko utapata mlezi wa aina hiyo.

HATUA YA 5: Tafuta leseni inayolipa sasa

Digrii ya umeme haikupi ruhusa ya kufunga waya za nyumba na kusaini cheti chake. Hiyo ni leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, na ina madaraja yanayoanzia C2 na C1, kisha B, hadi A, kulingana na ukubwa wa kazi. Kwa sola kuna T1, T2 na T3. T3 ndiyo ya mifumo mikubwa, pamoja na iliyounganishwa na gridi. Kama umesoma umeme, hii ndiyo njia ya haraka zaidi kufikia pesa halali katika eneo letu. Shule, makanisa na wakulima wenye pampu za kumwagilia wanaweka sola, na mifumo mingi hufa ndani ya miaka miwili kwa sababu aliyefunga hakupiga hesabu ya betri.

Wa ujenzi, angalia NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Wakandarasi hupangwa kuanzia NCA 1, wakubwa kabisa, hadi NCA 8. Kampuni ndogo ya vijana watatu inaweza kuanzia chini. Anayependa kuchomelea au kukereza afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo Kisumu. Najua wapo watakaosema digrii na mtihani wa ufundi haviendani. Wape muda.

Programu za kompyuta zinasaidia, lakini chagua moja na uifahamu hadi ndani. AutoCAD au Civil 3D kwa ujenzi, FreeCAD kama huna pesa, PLC, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo, kwa wa umeme walio karibu na viwanda.

HATUA YA 6: Nunua mita moja, tatua shida moja, ulipwe

Nitakusimulia kazi iliyoniokoa. Mama mmoja karibu na Mbale, Vihiga, alikuwa na kinu cha unga chenye mota ya fezi tatu ya kilowati 15. Alikuwa ameisuka upya mara nne ndani ya mwaka na nusu. Kila fundi alimwambia mota ni feki. Fundi wangu wa pampu alinitaja, nikaenda na mita ya kupimia volti na klampu ya kupimia ampea, basi.

Nilipima penye mita ya Kenya Power: volti 413 kati ya fezi na fezi. Nikaenda kwenye mota, ikiwa inasaga: 381. Kila alipoiwasha, ilishuka hadi karibu 340. Bamba la mota lilisema ampea 28; klampu ilisoma 31. Nikamuuliza kinu kilihamishwa lini. Akasema alikihamishia kwenye jengo jipya nyuma ya boma, na tangu hapo ndipo shida ilianza. Nikafuata waya kwa miguu nikihesabu hatua: mita tisini, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Kwa umbali ule na mzigo ule, hesabu ya mwaka wa pili chuoni ilitaka 10. Juu ya hayo, kile kifaa cha kukata umeme mota inapozidiwa, ambacho mafundi hukiita ovalodi, kilikuwa kimepandishwa hadi ampea 40 ili "kisisumbue". Kwa hiyo mota ilikuwa inanyimwa volti, inavuta ampea zaidi, inapika nyuzi zake zenyewe, na mlinzi wake amefumbwa macho.

Tulibadilisha waya, tukarudisha ovalodi kwenye 28, nikamwomba asiwashe kinu mahindi yakiwa yameshajaa kwenye bakuli la juu. Nilipima tena mbele yake na kumwandikia namba zote kwenye karatasi: kabla na baada. Alinilipa shilingi 4,000. Hiyo karatasi aliibandika ukutani, na wenye vinu wengine wanne waliiona wakiwa wanasubiri unga wao. Mwezi uliofuata nililipa kodi ya nyumba bila kumpigia kaka yangu.

Kwa hiyo nunua mita nzuri kabla ya suti ya usaili. Pima kabla, pima baada, muachie mteja namba. Sema bei kabla ya kuanza, pokea pesa ya vifaa mapema, kazi yako ilipwe mwisho. Kazi usiyoijua, ikatae na umwelekeze mwenye nayo. Mota za kuzama kwenye visima virefu, kwa mfano, usijifunzie kwa kisima cha mtu.

HATUA YA 7: Kampuni na tenda

Kazi zikifika tatu kwa mwezi, sajili jina la biashara au kampuni kwenye eCitizen. Jisajili eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, ili utoe ankara zinazokubalika. Bila hiyo, shule na viwanda havitakulipa. Kisha tafuta cheti cha AGPO, mpango wa tenda za serikali kwa makundi maalum: sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Tahadhari yangu hapa ni nzito. Usichukue mkopo kutekeleza tenda ya kaunti ukitegemea kulipwa ndani ya miezi mitatu. Madeni yasiyolipwa ya kaunti yamezika biashara nyingi za vijana. Mimi mwenyewe nilisubiri malipo ya ofisi moja ya umma miezi kumi na tisa, nikauza pikipiki. Anza na wateja wanaolipa papo hapo: shule za binafsi, wenye visima, vyama vya ushirika vya maziwa, hoteli. Tenda ije baadaye, na iwe ndogo kiasi kwamba ikichelewa bado mtakula.

HATUA YA 8: Endelea kuomba ajira rasmi, kwa akili

Haya yote hayazuii kuomba kazi kubwa. Soma MyGov, gazeti la matangazo ya serikali, kila Jumanne. Fuatilia Tume ya Utumishi wa Umma kwa programu yake ya mafunzo kazini, bodi za utumishi za kaunti, KenGen, GDC, Kenya Power, na mamlaka za barabara za KeNHA, KURA na KeRRA. Tuma maombi yanayolingana na tangazo, ukitaja namba zako kutoka lile daftari. "Nilipunguza joto la beringi kutoka 84 hadi 55" inasomwa. "Mchapakazi mwenye bidii" haitupiwi hata jicho moja.

Usilipe mtu yeyote ili upate kazi. Hata kama ni jamaa yako, hata kama amekutumia barua yenye muhuri. Kwa kazi za Ghuba na kwingineko, hakikisha wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kumpa pasipoti. Soma mkataba unasema cheo gani. Nimewaona wahandisi wakisafiri kwa kazi ya uhandisi na kufika huko kuwa walinzi.

HATUA YA 9: Maliza safari ya usajili

Ukifikisha miaka mitatu, usijiambie utaomba mwakani. Wengi wa rika langu walistarehe na mshahara wa kwanza wakaacha, na sasa wana miaka arobaini, wanachora kila kitu na kusainiwa na mtu mwingine. Saini ya mhandisi kamili ndiyo inayohitajika kwenye michoro, kwenye ripoti za ukaguzi na kwenye tenda kubwa, na ndiyo inayopandisha malipo.

Anza ripoti yako miezi sita kabla. Toa lile daftari, au madaftari, maana yatakuwa matatu au manne na moja litakuwa na madoa ya grisi. Chagua kazi nne ambazo uliamua jambo wewe mwenyewe: ulichagua ukubwa wa waya, ulikataa pampu iliyopendekezwa, ulibadilisha ratiba ya matengenezo. Andika kila moja kwa hesabu zake na kwa kilichokwenda kombo. Watahini watakuuliza hasa hapo palipokwenda kombo, kwa hiyo usipafute. Mpelekee mlezi wako asome, mpe wiki mbili, rekebisha, kisha uwasilishe. Mimi kazi yangu ya kwanza kwenye ripoti ilikuwa ule waya wa mita tisini wa Mbale.